Mto Uliojazwa Lebo

Lebo ya shati hushikwa na mishono minne. Mama aliikata kwa wembe, akasugua matundu kwa ukucha mpaka yakazibika, kisha akalisukuma shati kwa binti yake kwenye cherehani ya pili. Binti akashona lebo mpya. Ghala lilikuwa na meza kumi na mbili, na kila meza ilifanya hivyo hivyo.

Mashati yalitengenezwa katika nchi moja kubwa, yakisubiriwa katika nchi nyingine kubwa. Wakubwa hao walikuwa wamenuniana kama wake wenza, kila mmoja akipandisha ushuru wa bidhaa za mwenzake. Shati likipata lebo ya kwetu, lilihesabika limezaliwa kwetu, na ushuru ule haukuligusa.

"Mama, huu si uongo?" binti aliuliza siku ya kwanza.

"Uongo ni wa mwenye ghala. Sisi ni vidole tu. Shona."

Msimamizi aliagiza lebo zilizokatwa zichomwe kila jioni. Mama aliona ni dhambi kuchoma kitambaa laini namna ile. Alizificha kifuani, akaenda nazo nyumbani kidogo kidogo, akazijaza kwenye mto wa kulalia. Mto akampa binti yake, aliyekuwa akilalamika shingo kwa kuinama kutwa.

Baada ya wiki mbili, alipokuwa akimsuka, mama aliona lebo kwenye kisogo cha mwanawe. Ilikuwa na jina la nchi ile kubwa na mishono minne. Aliivuta.

"Mama wee, unanichuna!"

Alichukua wembe. Mshono wa kwanza ulitoa damu, akaacha.

"Nitakusuka za kuangukia nyuma," alisema. "Na usiinameiname mbele za watu."

Mto hakuutupa. Ulikuwa bado mzuri.

Afisa wa forodha alikuja Jumanne, kwa sababu nchi kubwa ya pili ilikuwa imelalamika. Alifungua maboksi ishirini, akageuza kola moja moja, akasifu mishono. Msimamizi akamletea soda. Ndipo kibiringo cha uzi kikaanguka, binti akainama kukiokota, nywele zikaenda mbele.

Afisa alivaa miwani, akasoma.

"Huyu ana hati za kuingizwa nchini?"

"Huyo ni mwanangu," mama alisema. "Nimemzaa mwenyewe, hospitali hiyo hapo juu."

"Sikatai, mama. Lakini mimi kazi yangu ni kusoma lebo. Hii aliipata wapi?"

Neno moja tu lilihitajika: hapa. Mama alifungua mdomo. Nyembe za meza nyingine zilisimama, na wanawake wote wakamtazama, kila mmoja na watoto wake nyumbani. Mama aliufunga mdomo. Afisa alisubiri kwa adabu, akamaliza soda, akajaza fomu nakala tatu.

Binti aliwekwa kwenye bohari ya forodha, safu ya tatu, kati ya matairi ya baiskeli na maboksi ya televisheni, mpaka wakubwa wale wapatane. Mama humpelekea chakula na nguo safi kila Ijumaa. Mlinzi ni mtu mwema. Akimwona tu husema, "Mzigo wako mzima, mama, hauna mkwaruzo."

Ijumaa iliyopita walikaa wakitazamana kupitia wavu.

"Mashati yalifika?" binti aliuliza.

"Yalifika, mwanangu. Salama kabisa."

"Hakuna aliyeyazuia?"

"Hakuna."

Binti alitafuna polepole. Alipoinamia bakuli, lebo ya kisogoni ilionekana imeanza kufifia maandishi, lakini mishono ilikuwa imara.

"Cherehani yangu anaikalia nani?"

"Mdogo wako. Si amemaliza shule."

"Analalamika shingo?"

"Kidogo."

"Mama. Analalia nini?"

Mama alichukua bakuli, akalifunika, akalifungua, akalifunika tena vizuri.