Komeo la Mlango wa Nyuma

“Moto ukizuka humu, kabla hujamaliza kupiga chafya nimeshawatoa wote nje na kuwapanga mstari!”

Maneno hayo aliyatamka mpiga pasi wa karakana ya kushona sare za shule, kifua mbele, ndani ya kizibao cha rangi ya chungwa kinachong’aa. Alikabidhiwa kizibao hicho siku alipochaguliwa kuwa mwangalizi wa usalama, na tangu hapo hakukivua ila kwa kuoga. Wenzake wakalisahau jina lake, wakamwita Kizibao.

“Na nikipiga chafya mbili?” mkata vitambaa akamchokoza, mkasi mkononi.

“Mbili? Utakuwa umeshafika kwako, unakunywa chai.”

Watu wakacheka. Kizibao naye alicheka, lakini mkono wake ulikuwa ukipapasa daftari la ukaguzi mfukoni. Asubuhi hiyo ya Alhamisi mkaguzi alikuwa anakuja kutazama zoezi la kukimbia moto. Likienda sawa, tajiri alikwisha ahidi: Kizibao ataachana na pasi, awe msimamizi wa usalama wa kudumu, mwenye meza yake na kiti chenye mgongo. Miaka minane alikuwa amesimama kwenye mvuke, jasho likimtiririka hadi soksini. Kiti hicho alikiota hata mchana.

Daftari lilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Kila Jumatatu imejazwa: mitungi ya kuzimia moto, vyema, njia kati ya cherehani, vyema, mlango wa mbele, vyema, mlango wa nyuma, vyema. Palikuwa na tatizo dogo tu, la ukubwa wa mlango. Huo wa nyuma hakuwahi kuugusa.

Si uvivu. Kando ya mlango huo, kwenye cherehani ya mwisho, alikaa mama mkwe wake, mshona vifungo. Sasa wewe fikiria: ujipenyeze mgongoni kwa mama mkwe, mahali hata paka hupita kwa kuomba radhi, halafu umwambie, “Mama, hebu inua miguu nikague.” Kizibao aliona heri aungue. Basi kila Jumatatu alimwamkia kutoka huko huko kwenye meza ya pasi, ameinama nusu, kisha akaandika “vyema” na kuendelea na kola zake.

Saa nne mkaguzi akafika, mtu mfupi, mpole, mwenye saa kubwa mkononi. Kizibao akapuliza filimbi hadi mashavu yakavimba. Pasi zikazimwa, cherehani zikanyamaza, watu arobaini wakaelekea mlango wa mbele kwa utaratibu wa kupendeza. Kizibao alikwisha anza kukionja kiti.

Mkaguzi akasimama katikati ya mlango, akainua kadi nyekundu.

“Hapa pana moto. Hampiti.”

Wakageuka wote. Kizibao akajipenyeza hadi mlango wa nyuma, akampita mama mkwe bila kumtazama, akashika komeo pamoja na nguo iliyokuwa juu yake, akavuta. Wapi! Akavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ukutani. Komeo lilishikwa na kutu kana kwamba limechomelewa.

“Chafya ya kwanza!” mkata vitambaa akaita kutoka nyuma. “Ya pili! Jamani, mafua haya yataniua!”

Wachache walicheka, kisha wakaacha. Watu walikuwa wamebanana. Mshonaji mmoja mwenye mimba ya miezi saba alikuwa amegandamizwa kwenye ukingo wa meza, akisema polepole, “Msinisukume. Msinisukume.” Kwa mara ya kwanza Kizibao akauona moto ambao haukuwepo.

Mama mkwe akamsogeza kwa kiwiko. Alichukua kopo lake la mafuta ya cherehani, akadondoshea komeo, akavua kiatu na kuligonga kwa kisigino mara tatu. Mlango ukafunguka.

Nje, mkaguzi akaitazama saa. “Dakika tisa. Moshi wa vitambaa usingewangoja.” Akanyoosha mkono apewe daftari, akalipekua taratibu. “Mlango wa nyuma, Jumatatu hii, vyema. Uliukagua mwenyewe?”

Tajiri alikuwa amesimama pale pale. Kizibao akakifikiria kiti, akaufikiria mvuke.

“Mwenyewe, mkuu. Niliufungua, nikaufunga. Ulikuwa laini kama siagi. Kutu hii ni ya juzijuzi.”

“Kutu ya siku tatu?”

“Siku hizi vyuma ni vibovu, mkuu.”

Mama mkwe alikuwa ameinama akivaa kiatu. Akanyanyuka, akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa nguo yake.

“Mwanangu,” alisema, kwa upole ule ule anaoutumia akimuuliza habari za wajukuu, “koti langu huwa nalitundika wapi?”

Kizibao hakujua. Watu arobaini wakageuka kutazama ndani. Koti la kijivu lilikuwa sakafuni, chini ya komeo, mahali alipoliangusha yeye mwenyewe alipokuwa akivuta.

“Limetundikwa kwenye komeo hilo tangu wiki iliyopita, mvua ilipokatika,” mama mkwe akamwambia mkaguzi. “Na huyu mkwe wangu ana adabu sana, simsemi. Mwaka wa pili huu ananiamkia kwa mbali kama anayesimamisha basi. Leo ndiyo siku ya kwanza kumwona upande wangu.”

Mkaguzi akafunua kalamu. Tajiri alinyoosha mkono, kiganja juu, na Kizibao akaanza kufungua vifungo vya kizibao, kimoja kimoja.