Sahihi ya Mtu Asiyenijua

Mate yalikuwa yakimtoka mume wangu, Orrin, pembeni mwa mpira wa mashine ya kupumulia, na mwanasheria wa hospitali alikuwa ameishika karatasi yetu kwa vidole viwili kama aliyeokota panya mfu.

"Bi Haskell, shahidi wa pili ni binamu ya mumeo. Sheria ya jimbo hairuhusu ndugu. Karatasi hii haina nguvu."

Karatasi ile tuliitia sahihi kanisani baada ya ibada, katikati ya mabakuli ya viazi na kuku wa kukaanga. Orrin aliandika kwa mkono wake: nikifika pa kutorudi, msinifunge kwenye mashine. Dela, binamu yake, akashuhudia huku akimtania, "Mbishi wewe, hata kufa utachelewa!" Mji wetu una watu mia tatu, tunalima ngano na kuoana wenyewe kwa wenyewe. Asiye ndugu ningemtoa wapi?

Basi wakamfunga siku kumi na tisa. Mgongo wake ukaoza. Nilikuwa nikisaidia kumgeuza, na ile harufu mpaka leo hunijia nikifungua friji. Siku ya ishirini moyo wake ukakata shauri wenyewe kusimama, bila kuliuliza jimbo.

Mwaka uliofuata ukaletwa mswada wa kuirekebisha sheria ile. Nikapanda basi hadi bunge la jimbo kutoa ushahidi. Wabunge saba, na sahani ya donati mbele yao. Nilipofika kwenye kidonda cha mgongo, mmoja alikuwa akilamba sukari vidoleni.

Nikawategea kitendawili, kama ninavyowategea wajukuu zangu.

"Ni nani anayeaminiwa kwa sababu hajui kitu?"

"Mama, dakika zako tatu zimekwisha," akasema mwenyekiti, akijipangusa mdomo. Mswada ukasogezwa hadi kikao kijacho. Wanausogeza hadi leo.

Njiani kurudi, basi likasimama kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu. Karatasi yangu mwenyewe, kama ile ya Orrin, ilikuwa mkobani. Nikawafuata madereva wawili wa malori waliokuwa wakinywa kahawa, nikawaeleza, nikatia sahihi mbele yao.

"Nikushuhudie kufa, bibi?" mmoja akacheka. "Hata jina lako nimelisoma hapa hapa!"

"Ndiyo maana, mwanangu," nikamwambia, nikampa kalamu.

Akatia sahihi, na mwenzake pia. Dole lake lenye grisi likaacha alama juu ya jina langu.

Halali kabisa.