Dini Niliyoitunga Jikoni

Wanyelu niliwatunga mimi, jikoni kwangu, nikisonga bukari, ugali wetu. Nalisema hili mapema kwa sababu mpaka leo kuna watu hapa Kalemie wanaonibishia, na mtu anayenibishia juu ya kitu nilichokitunga mwenyewe hunipandisha hasira haraka sana.

Jina langu ni Evodie. Siku za juma nafundisha darasa la tano, na Jumamosi alasiri nilikuwa nasoma hadithi kwenye redio ya mtaa. Chanzo cha yote ni kijito cha Kamilulu, kinachoingia ziwani nyuma ya nyumba zetu. Mvua za kwanza zikianza, maji yake yanageuka rangi ya udongo na samaki wanasogea pale mlangoni, kijito kinapokutana na ziwa, kuzaa. Watu wetu wanawangoja papo hapo na nyavu za chandarua, zile zile tulizogawiwa kwa ajili ya mbu, wakikomba vitoto vya samaki vyembamba kama uzi. Kuhe, samaki niliyemla kila Jumapili utotoni, sasa namwona kwenye harusi za watu tu.

Nilifundisha jambo hilo darasani. Nilisimama kanisani nikalisema. Ukaletwa hata ubao wa marufuku, na kabla ya juma kwisha ubao ule ulikuwa umeivisha maharagwe ya mtu. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea, haya, tuone kama linasikia hadithi.

Ndipo nikaitunga nchi ya Nyelu, yenye ziwa moja na miezi miwili juu yake. Wanyelu hawana hekalu wala kuhani. Ziwa ni mama yao, na kila familia imepewa na ziwa kitu kimoja cha kutunza: hawa matete, wale upepo wa asubuhi, wengine jiwe moja tu la ufukoni. Kukitunza ndiyo sala. Matete yako yakikauka, hata ukiimba vizuri namna gani, hujasali. Na mvua zikianza, mlango wa mto unakuwa chumba cha mzazi. Mtumbwi ukifika hapo, wapiga kasia huinua makasia na kuacha maji yawapitishe polepole, kimya, jinsi watu wanavyopita mbele ya nyumba yenye mwanamke mwenye uchungu. Kutupa wavu pale ni sawa na kuingia na viatu vya matope mahali mama anapojifungua. Hakuna sheria inayokataza. Mnyelu anaona aibu tu.

Kila Jumamosi, kabla ya kusoma, niliwaambia wasikilizaji kwamba nchi hiyo haipo wala haijapata kuwapo. Sijui kama niliongea na ukuta. Mvuvi mmoja, Cyrille, alinisimamisha sokoni akaniuliza, "Mwalimu, jamaa yetu siye tulipewa upepo gani?" Nilicheka. Yeye hakucheka hata kidogo. Lisemwalo lipo, walisema watu, na kama halipo laja.

Kisha likaja kweli. Wiki ya nne, wanawake wanaonunua samaki ufukoni na kwenda kuwauza sokoni walitangaza kwamba mpaka mvua ziishe hawatanunua samaki wa mlango wa Kamilulu. Aliyewaongoza ni Mama Mwanvua, Mwislamu wa swala tano, mjukuu wa wafanyabiashara wa ziwa, mwenye sauti ya kuvuka maji. Mimi nilifurahi hadi nikashindwa kulala. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mlango wa Kamilulu ulikaa siku tisa bila wavu.

Siku ya kumi Papa Ngoy, mwenye nyavu nyingi kuliko wote, alikwenda kwa shefu, mkuu wa mtaa wetu, Papa Aristote, kushtaki kwamba mwalimu ameleta dini ya mizimu. Mkutano ukaitishwa Jumapili baada ya misa, chini ya hangari, lile banda la soko. Papa Aristote ni mtu wa utaratibu. Alituwekea swali moja tu: kama hii ni desturi ya mababu, ataipigia muhuri na mlango utafungwa kila msimu wa mvua. Kama si desturi, Papa Ngoy atavua atakavyo, na redio itanyamaza.

"Banamama beko wanaabudu maji!" Papa Ngoy alipaza sauti. "Hii desturi iko ya kabila gani? Ya Baholoholo? Ya Batabwa? Ataje leo!"

Watu wakanigeukia. Kabla sijafungua kinywa, alisimama Papa Jumaa, mzee aliyefanya kazi ya reli mpaka Kabalo na ambaye kila mtu anamheshimu.

"Iko ya babu yangu," akasema. "Miye mwenyewe niko Munyelu. Babu yangu alifunga ule mulango na ngoma, miye mutoto naona."

Ngoma! Mimi sikuandika ngoma yoyote. Lakini mzee aliendelea, akaeleza ngoma ilivyopigwa na nani alicheza, na watu wakatikisa vichwa kukubali, kama wanaokumbuka. Alikuwa anadanganya kwa ajili yangu, na alidanganya vizuri sana. Papa Aristote alitoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi.

"Mwalimu," akaniuliza, "iko vile?"

Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa kukubali tu. Nakiri kwamba nilitaka. Mlango ule niliutaka ufungwe kuliko nilivyowahi kutaka nyumba ya matofali au mume. Lakini nilimtazama Papa Jumaa, nikaona ameshaanza kuvimba kifua. Leo ngoma, kesho ataomba kuku mweupe, keshokutwa ni kuhani wa ziwa na hakuna anayevuka bila kumpa kitu. Halafu siku moja atatokea babu mwingine, wa Papa Ngoy safari hii, aliyevua palepale kwa baraka za mizimu, na nani atambishia? Tena mbele yangu walikaa watoto wa darasa langu, wananitazama mdomoni.

"Hapana," nikasema. "Wanyelu hawapo. Niliwatunga jikoni. Papa Jumaa, unisamehe, hakuna babu wa mtu yeyote aliyekuwa Mnyelu."

Papa Jumaa alikaa chini na hakuniangalia tena. Papa Ngoy alipiga makofi.

"Ngojeni, sijamaliza!" nikapaza sauti. " Mungu wa ziwa nimemtunga, samaki sikuwatunga. Mnawaona wenyewe wanavyokwisha!"

"Muhuri hausainii hadithi," akasema Papa Aristote, akaurudisha mfukoni. "Mulango uko wazi. Redio, basi."

Wanawake waliinuka wakaondoka. Ningependa Mama Mwanvua anitukane, angalau nijue nimesimama wapi. Alijifunga kitenge chake vizuri, akaenda zake. Nililia njia nzima, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na nikamkumbuka marehemu baba aliyekuwa akisema kichwa changu ni jiwe. Lakini sikujuta. Nililigeuza neno lile mara mia, na kila mara lilirudi kuwa hapana.

Jumatatu alfajiri, kabla ya shule, nilikwenda ufukoni. Hakuna aliyenituma. Nilijiambia kwamba kama ni kuona, nione kwa macho yangu.

Papa Ngoy alikuwa ameshatoka mlangoni pa Kamilulu. Mabeseni yake yamejaa, vitoto vya samaki vinameta humo, vingine bado vinatikisika. Wanawake walikuwa wamesimama na mabeseni yao matupu.

"Nunueni, banamama," akasema Papa Ngoy kwa furaha. "Hakuna cha Munyelu. Mwalimu wenu mwenyewe amesema."

Mama Mwanvua aliinama, akachota viganjani, akavitazama, akavirudisha.

"Tulijua, Papa Ngoy. Kila Jumamosi anasema ile inchi haiko. Unafikiri siye hatuna masikio? Miye naswali kwa Mungu mumoja, na si ziwa. Mwalimu hatukumuamini juu ya ziwa. Tulimuamini juu ya samaki."

"Basi munakataa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu tumekataa."

Alipindua beseni lake juu ya mchanga, akalikalia. Mwingine akafanya vivyo hivyo, na mwingine, mpaka wote wakawa wamekaa wakimtazama. Papa Ngoy aliteremsha bei. Akasema wachukue kwa mkopo, na mwisho akasema wachukue bure, afadhali kuliko vioze. Jua lilikuwa limeshapanda na nzi walikuwa wameanza kuja. Mimi nilibana midomo nisipige kelele za furaha, maana neno langu lilikuwa limekwisha jana na hapa palikuwa pao.

Ndipo akatokea Célestine, mke wa Papa Ngoy, na beseni kichwani. Yeye huchuuza samaki wa mumewe, na jana mkutanoni alikaa upande wa mumewe. Papa Ngoy alishusha pumzi.

"Mama Michée," akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "njoo ubebe hawa, twende. Achana na hawa batu."

Célestine aliyatazama mabeseni moja baada ya jingine. Akawatazama wenzake. Kisha akashusha beseni lake kichwani, akalipindua mchangani kando ya Mama Mwanvua, akakaa.

Papa Ngoy alimgeukia mkewe.

"Na wewe pia uko Munyelu?"

"Ndiyo," akasema Célestine. "Toka leo asubuhi."