Maombi ya Kufunga Ziara

Maji yalitoka! Ndunge aliganda, mkono mdomoni, kama mtu aliyeona maiti ikikaa kitako. Mfereji wa kijiji chao, huku upande wa Nuu, haukuwahi kutoa hata tone tangu ukatiwe utepe. Leo, mbele ya kamati ya Bunge iliyokuja kukagua kazi ya idara ya maji, ulikuwa unabubujika.

"Mmejionea wenyewe, waheshimiwa," mkurugenzi wa idara alisema, kifua mbele.

Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Timiro, mbunge kutoka kaskazini, mwenyewe mtoto wa nchi kame, alikinga gilasi, akanywa, akatabasamu. "Basi tutaandika mradi umekamilika. Tukishaandika hivyo, kamati haitarudi hapa tena."

Wanawake walipiga vigelegele. Ndunge alizunguka nyuma ya tangi la mfereji huo, machozi yakimlengalenga, ili amshukuru Mungu peke yake. Huko, chini ya migunga, akakuta bauza, lori la kubebea maji, limefunikwa kwa matawi, likinguruma polepole, mpira wake umepanda hadi ndani ya tangi. Dereva alijiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha. Kumbe! Watu wazima na akili zao, wanaleta maji ya kuonyesha wageni! Njia ya mwongo ni fupi, lakini hawa walikuja nayo kwa lori.

Aliporudi, mkurugenzi alimshika kiwiko. "Mama, wewe ndio unajuanga kuomba. Hebu tufungie na prayer. Lakini iwe short, wageni wako na haraka."

Kofia zikavuliwa, macho yakafumbwa. Huku unaweza kumkatiza chifu, hata mbunge. Mtu anayeomba hakatizwi.

"Baba wa mbinguni," Ndunge alianza, sauti ikitetemeka, "asante kwa hawa wageni. Asante kwa maji imekuja leo na bauza. Linda hiyo bauza iko hapo nyuma ya tangi, na dereva yake. Na ikienda, Baba, utukumbuke, juu sisi tutarudi kuchimba maji kwa mchanga kule mtoni na punda zetu. Na kama ni mimi nimeona vibaya, unisamehe."

Mkurugenzi alikohoa. Akakohoa tena. Hakuthubutu zaidi ya hapo.

"Amina," Timiro alitangulia wote, akafumbua macho. "Hiyo bauza izimwe. Akina mama, leteni mitungi yote. Choteni mpaka niseme basi."

Mitungi ikajaa mmoja baada ya mwingine. Ndunge alijikuta akiomba tena, safari hii kimoyomoyo: macho yake yawe yamemdanganya, tangi liwe na maji yake lenyewe. Kisha mfereji ukakohoa, ukatema hewa, ukanyamaza.

Alikuwa anajua. Hata hivyo akaketi pale pale kwenye tope, na mheshimiwa akaketi kando yake.