Pikipiki ya Marehemu Merdi

Pikipiki ilianza kulia wiki ileile waliyoinunua, na tangu hapo Hadassa hakuonja usingizi wa maana. Sauti ilitoka mbele, kwenye compteur, ile saa inayoonyesha mwendo. Kiii, kiii, kiii! Mumewe Hénoc akikaza mwendo, nayo inapanda, mpaka unasema kuna mtu anakabwa humo ndani. Hata mbwa wa majirani walikuwa wakiiitikia.

Na ingekuwa pikipiki mpya, afadhali. Ilikuwa ya Merdi, mchimbaji wa Kamatanda aliyefukiwa na shimo, na ndugu zake waliiuza mbiombio kama mtu anayeachia sufuria ya moto. Hénoc, anayekula kwa kubeba abiria, aliona bahati imemwangukia. Hadassa aliona jeneza lenye magurudumu mawili. Kila akisema, mumewe anacheka.

"Mama Joëlle, iko kable tu. Imekauka. Papa Adolphe atatengeneza samedi."

Papa Adolphe ndiye fundi wao, mwenye kibanda karibu na reli, na yeye pia alisema hivyohivyo: kamba ya compteur imekauka, itatiwa grisi, mambo kwisha. Lakini Jumamosi ni mbali kwa mtu anayeogopa. Tena mama Clotilde wa kikundi cha maombi alikuwa ameshamjaza hofu rohoni.

"Chuma hailiaka vile, mwanangu," alimnong'oneza. "Ile iko sauti ya mwenye alikufa bila kuaga. Pale penye inalilia, utie mafuta ya upako."

Basi mwenye hofu usimwachie kichupa! Ijumaa asubuhi Hénoc alikuwa ndani anamalizia chai, apate kumpeleka binti yao Joëlle kwa bibi yake huko Mulungwishi. Hadassa akatoka na mafuta yake ya upako. Mwingine angepaka tone moja la ishara akaridhika. Yeye alipiga magoti, akaifuata ile kamba nyeusi kutoka kwenye compteur hadi chini, inapozama katikati ya gurudumu la mbele. Ilikuwa imeshikiliwa na kipande cha mpira tu. Akakifungua, akaichomoa kamba, akamimina kichupa kizima ndani ya tundu huku akilitaja jina la Yesu, halafu akarudisha kila kitu mahali pake. Hakumuuliza mtu. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini angemuuliza nani, na wote wanamcheka?

Walipoondoka, ilisikika injini peke yake. Ile kiii haikuwepo. Hadassa alisimama mlangoni, machozi yanamtoka kwa furaha, akamwangalia Joëlle na koti lake la njano, ameketi nyuma ya baba yake, mpaka wakapotelea kwenye kona.

Alikuwa bado anaimba alipofika papa Adolphe na pikipiki yake. Alikuwa amepata nafasi leo, amekuja kuchukua ile kazi bila kungoja kesho. Akaona doa la mafuta chini.

"Nani alimwanga mafuta huku?"

"Ni minye, papa!" Hadassa akamweleza yote, anacheka, anaonyesha kwa mikono. Kadiri alivyoeleza, ndivyo uso wa fundi ulivyobadilika.

"Mama Joëlle," alisema polepole, "ile kable inaingilia mu nyumba ya frein. Frein ya mbele njo iko mule. Ikishakunywa mafuta, haishike tena."

"Na ya nyuma?"

"Ya nyuma ilishachoka. Njo ile nilitaka kutengeneza pamoja na compteur."

Ee Mungu wangu! Breki zote mbili! Hadassa alimpigia mumewe simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Hénoc hapokei simu akiwa barabarani, na aliyemwapisha hivyo ni mkewe mwenyewe, kwa kuogopa ajali.

"Panda," alisema papa Adolphe.

Barabara ya Mulungwishi ina miteremko, na miteremko ile ina malori ya madini yanayoshuka kama hayana mwenyewe. Hadassa alishika koti la fundi kwa mikono miwili. Kila mtaro aliuchungulia, na kila kitu cha njano kilimkata pumzi: dumu la maji, kitambaa cha muuza makaa. Akatega sikio amsikie mumewe. Kwa mwezi mzima alikuwa anamjua kutoka mbali kwa ile kelele, na sasa kulikuwa na upepo tu. Laiti ingelia! Ilie hata kwa sauti ya Merdi mwenyewe, mradi ilie.

Chini ya mteremko mrefu watu walikuwa wamejaa. Lori limesimama kombo katikati ya barabara. Hadassa aliruka kabla pikipiki haijasimama, akaanguka, akainuka, akawasukuma watu.

Pikipiki ya Merdi ilikuwa imelala majanini. Kando yake ameketi Hénoc, suruali imechanika, goti linavuja damu, na Joëlle juu ya paja lake, koti limejaa vumbi, mzima. Mzima!

"Mama Joëlle!" Hénoc alipaza sauti, anacheka. "Frein ilikataa zote mbili! Lori iko mbele, nikaikwepa, tukaingia mu majani. Lakini nilikuona asubuhi, unapakala mafuta ku pikipiki. Nikajinyamazia. Bantu, musikie, ni yale mafuta njo imetuokoa!"

Watu wakaitikia, "Aleluya!" Dereva wa lori, mtu mzima mwenye mvi, alivua kofia yake, akamsogelea Hadassa kwa heshima.

"Mama, yalibakia? Unipakalie na minye ku magurudumu. Ninatelemka huku kila siku."

Papa Adolphe aliangalia chini, akaanza kufuta mikono yake ambayo haikuwa na uchafu. Hangesema. Hadassa alijua kwamba hangesema, na kwamba Hénoc angeendelea kumshukuru mpaka uzeeni.

"Hapana, papa," alimwambia dereva. "Usitie." Akamgeukia mumewe. "Baba Joëlle, ni minye. Mafuta yangu njo imeua frein. Nilimwanga kichupa chote mule ndani."

Aleluya zikakatika. Hadassa alinyoosha mikono amchukue mwanawe.

Hénoc alimwinua Joëlle pajani, akamhamishia upande wa pili, ambako mikono ya mama yake haikumfikia.