Mahali pa Kufungia Tai

Yoan Dutrey alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha kukunja, katika chumba cha kubadilishia nguo chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo ya ng'ombe. Juu yake mbao zilinguruma kwa miguu ya watu wanaotafuta viti. Solène Castaing alimbonyeza kiunoni, upande wa kushoto.

"Hapo?"

"Hapo hapo. Niache hai kidogo, dada, ng'ombe naye ana haki yake."

Solène hakucheka. Kazi yake ilikuwa osteopathi, tiba ya viungo na misuli kwa mikono, na tangu mwanzo wa msimu alikuwa akikitibu kiuno hicho kimoja. Kila Ijumaa Yoan alitoka kwake amenyooka, na kila Jumatatu alirudi amepinda. Msuli unaolegezwa ukakaza tena una sababu ya kukaza, na sababu hiyo hakuwa ameipata.

Jumapili iliyopita, katika kijiji cha jirani, Yoan alijipinda akiwa hewani, akimruka ng'ombe anayemjia mbio. Ng'ombe akampiga kwa nyonga, akaanguka vibaya. Katika mchezo huu wa Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ncha za pembe hufunikwa ngozi, lakini alitoka na mbavu nyeusi. Leo alitakiwa kumruka Manola, ng'ombe mzito zaidi: miguu imefungwa pamoja kwa tai ya shingoni, nyayo zote mbili ndani ya bereti moja, asimame tuli mpaka mnyama amfikie. Mkuu wa timu alikuwa amemwachia Solène neno la mwisho. Akisema hapana, Yoan angekaa nje, na nafasi yake ingekwenda kwa mwingine hadi mwisho wa msimu.

"Simama. Goti liguse ukuta, kisigino kisinyanyuke."

Goti la kushoto liligusa. La kulia lilipokaribia, kisigino kikanyanyuka.

"Hicho kifundo kilipona mwaka juzi," Yoan alisema haraka. "Hakiumi."

"Sikuuliza kama kinauma."

Picha za mionzi zilikuwa safi. Mfupa haukuwa na ufa. Solène alimlaza chali, akashika kisigino kwa mkono mmoja na mguu kwa mwingine, akavuta taratibu. Akausogeza mbele na nyuma ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, kisha akalegeza shavu la mguu. Walipojaribu tena, goti la kulia liliugusa ukuta na kisigino kikabaki chini. Akamwambia abane miguu na kuruka papo hapo. Akaruka na kutua amenyooka.

"Sasa fungwa tai, kama uwanjani."

"Huwa anafunga baba."

Hubert Dutrey aliitwa. Aliingia na tai mkononi na bereti kwapani. Naye aliwahi kuwa mrukaji, na alitembea kama mtu ambaye magoti yake yanamkumbusha hilo. Akapiga goti, akaizungusha tai juu ya vifundo vyenyewe, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Ruka," Solène alisema.

Yoan aliruka. Mabega yakageuka kushoto, akatua kwa mguu wa kushoto kwanza.

"Tena."

Vile vile. Solène alichuchumaa, akamwambia akunje magoti. Kisigino cha kulia kikanyanyuka. Msimu wote alikuwa akimpima bila tai.

"Mzee Hubert, hapa ndipo penye shida. Mguu ukikunjwa, huu mfupa wa nje lazima usogee kidogo kupisha kifundo. Wa kushoto ni mzima, unavumilia. Wa kulia uliteguka. Ukiubana hapa unakwama kabisa. Basi anasukuma kwa mguu mmoja, kiuno kinapinda kufidia. Ipandishe tai upana wa kiganja."

"Kwenye shavu la mguu?" Hubert alisimama. "Watu watasema miguu yake iko huru. Huo ni mchezo wa watoto. Mimi nilifungwa hapa, na baba yangu alifungwa hapa."

"Ninyi hamkuteguka."

"We binti wa Castaing, baba yako alitibu ng'ombe wa wilaya nzima na hakuwa na maneno mengi hivyo."

"Ng'ombe hawavai tai. Ikifungwa juu ya vifundo, naenda kwa mkuu kusema hapana. Ikipanda, aruke."

Yoan alikuwa akiifungua tai, hamtazami yeyote. Tarumbeta ilipolia, akatoka bila kusema amechagua nini.

Solène alisimama nyuma ya kizuizi cha mbao. Ng'ambo ya uwanja mkuu wa timu alimkazia macho, akingoja ishara; mkono juu ungekuwa hapana. Yoan aliingiza miguu ndani ya bereti katikati ya mchanga, baba yake akapiga goti mbele yake, na mgongo wa mzee ukaficha kila kitu. Mshika kamba ya ng'ombe alikuwa tayari. Solène aliinua mkono nusu.

Ndipo Yoan alipoinama, akashika mikono ya baba yake. Midomo yake ilitamka neno moja au mawili. Hubert hakusogea. Kisha viwiko vyake vikapanda juu, taratibu.

"Hubert!" mtu alipaza sauti jukwaani. "Unamvalisha soksi?"

"Shuka nikuvalishe wewe!" mzee alijibu bila kugeuka, akakaza fundo, akaondoka.

Solène aliona tai ilipo, akashusha mkono.

Manola alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Bendi ilinyamaza. Yoan alikunja magoti, visigino vyote viwili vikiwa chini, akangoja. Solène aliona amechelewa, kisha akaona hajachelewa. Mgongo mweusi ulipita chini yake. Mabega hayakugeuka. Nyayo ziligonga mchanga kwa pamoja, na majukwaa yakalipuka.

Solène hakutazama uso wa Yoan. Hubert alikuwa akifungua tai huku akimfokea mwanawe kwamba amekunja magoti mno, na mkuu wa timu alikuwa amenyoosha shingo kutoka ng'ambo, akiuliza kwa macho kuhusu mruko wa pili. Solène alingoja mpaka Yoan atembee hatua chache. Kisigino cha kulia kilikaa chini chote, kila mara. Ndipo akaitikia kwa kichwa.