Kifuniko cha Kufuli

Pikapu yetu ilizima asubuhi kwenye kilima cha hospitali, ikiwa imebeba mikate ya maduka yote ya upande ule. Haikukohoa wala kutoa moshi. Iliishiwa nguvu tu, ikazima, na mume wangu akaiacha irudi nyuma taratibu mpaka ukingoni mwa barabara. Halafu akapiga simu. Hakunipigia mimi ninayeoka hiyo mikate. Alimpigia Spana.

Spana ni mwanamke mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta. Jina lake la kweli silijui na sina haja nalo. Kutwa anashika grisi, lakini kucha zake ni safi kuliko zangu, na mpaka leo sijui anazisafisha saa ngapi. Mume wangu akiwa pale hucheka kicheko ambacho nyumbani kwangu kilikwisha zamani. Nilikisikia siku moja nikipita na kapu la sokoni, na tangu hapo wivu ukanikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ndiyo maana nilinunua kifuniko cha kufuli. Kile cha zamani cha tangi la dizeli kilifunguliwa kwa mkono tu. Hiki kipya kilikuwa na ufunguo, na ufunguo nikautundika shingoni mwangu, ndani ya blauzi. Dizeli nikawa naijaza mimi mwenyewe, ya kuzungukia maduka na kurudi tu, isibaki ya kupitia gereji. Mume wangu alipouliza, nikamwambia wezi wa mafuta wamezidi mtaani. Aliniangalia, akasema sawa. Ni mtu mpole, na upole wake nao ulikuwa unanitia wasiwasi.

Wiki ile ile pikapu ikazima.

Jioni alirudi kwa miguu, akakaa kwenye stuli ya jikoni. "Spana anasema pampu ya dizeli imekufa," akasema. "Haisukumi mafuta. Na nozeli nazo anazishuku. Itabidi injini ishushwe."

Akanitajia bei. Hata tungeuza tanuri na mashine ya kukandia unga, isingefika nusu.

"Lakini hatatudai hela," akaongeza haraka haraka. "Anatafuta dereva wa gari lake la kuvuta magari mabovu. Nitamwendeshea jioni mpaka deni liishe. Tutakuwa mimi na yeye tu, wala haitachukua muda."

Mimi na yeye tu! Alisema hivyo huku anavua soksi, wala hata sauti haikumtetemeka. Nikaona jioni zangu zote mbele yangu: mimi nakanda unga, na wao wawili ndani ya gari moja, mume wangu anacheka kile kicheko.

"Hebu niambie," nikasema. "Ukiiacha ikapumzika, inawaka?"

"Inawaka vizuri tu. Inakwenda, halafu inazima tena."

"Sasa kitu kimekufa, kinafufukaje kila kikipumzishwa? Kesho tunakwenda wote."

Akataka kusema kitu, akakimeza. Mimi nikajua ni hatia.

Kesho yake Spana alitupokea mlangoni, akifuta mikono. "Karibu wifi," akaniambia.

Wifi! Mume wangu kwao amezaliwa peke yake. Huyu dada wa kujichomeka katoka wapi? Nikajitia sikusikia. Nikamwambia nataka gari litembezwe nione kwa macho yangu kabla mtu hajagusa boliti.

"Filta nimebadilisha, mipira ya kupitishia mafuta nimepuliza," akasema. "Mafuta bado yanakuja kwa kusitasita. Lakini twende tu, gari ni lako."

Tulipanda watatu. Mume wangu usukani, Spana akafungua mlango wa pili, nami nikampita nikakaa katikati, magoti yamegongana na gia. Heri gia inigonge mimi kuliko imguse yeye.

Kufika nusu ya kilima cha hospitali, injini ikalegea, ikazima.

"Unaona wifi? Pampu hiyo."

Sikuiona pampu. Nilichoona ni kwamba gari limekosa dizeli, na dizeli niliijaza mimi. Kwa hiyo wao wawili walikuwa wameimaliza kwa kuzunguka! Nikamwambia Spana anipishe, nikashuka, nikaokota kijiti kando ya barabara cha kupimia mafuta, nikachomoa ufunguo ndani ya blauzi mbele yake ili anione. Siku hiyo nilikuwa nimekuja kumuumbua mtu.

Nikazungusha ufunguo. Tangi likatoa sauti ndefu, fyooo, likivuta hewa kama mtu aliyezibwa pua akaachiwa.

Spana aliruka chini. "Kaka, washa!"

Gari likawaka mara moja, likanguruma bila kusita. Kijiti nilikuwa nacho mkononi, nikakichovya. Dizeli ilikuwepo tele.

Spana akanichukulia kifuniko, akakigeuza kwenye mwanga. "Hakina tobo la hewa," akasema. "Tangi likitoa mafuta lazima liingize hewa. Hili limezibwa. Pampu inavuta huku, tangi nalo linavuta kule, mwisho injini inakosa mafuta. Ukiliacha, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, gari linawaka tena. Pampu yenu nzima."

"Na wewe ungeishusha injini!"

"Ningeishusha," akasema bila kupepesa macho. "Jambo la kwanza niliomba kufungua tangi. Kaka akaniambia ufunguo umepotea."

Akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama usukani. Kisha Spana akautazama ufunguo uliokuwa unaning'inia kifuani mwangu, akaelewa yote, na hakucheka. Bora angecheka. Tuliporudi gereji alichukua mashine, akatoboa tobo dogo kwenye kifuniko, akapuliza vumbi, akanirudishia. "Chukua, wifi."

Njiani kurudi nyumbani tulikuwa wawili. "Kwa nini ulimwambia umepotea?" nikauliza.



"Ulitaka nimwambieje? Kwamba mke wangu ananifungia dizeli?" Akabadilisha gia. "Angekucheka. Gereji nzima ingekucheka. Nikaona heri nivute magari."

Nilikuwa nimekesha na picha ya jioni zake kwa Spana, kumbe jioni hizo alikuwa anazitoa kwa ajili yangu. Nililia, kisha nikakasirika kwamba nalia.

Tulipofika nikakitafuta kile kifuniko cha zamani kwenye droo ya miiko, nikaenda kukifunga kwenye tangi kwa mkono. Kile cha kufuli nikakitupa pamoja na ufunguo wake. Mume wangu akaniuliza kwa nini nakitupa, na kimeshatobolewa, kizima.

"Tobo lenyewe kalitoboa yeye," nikamwambia.

Akacheka. Kicheko kile kile, pale uani kwangu, mpaka akashika mlango wa pikapu.